Hatua Kumi na Moja, Pumzi Moja

Siku ya kuandikisha majina, Katibu wa hospitali alimtazama Dobi kuanzia kilemba hadi kandambili, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Mama mnene wa miaka hamsini na mitatu naye anataka kupanda mlima! Akamwambia aje tu, ila abaki kwenye kibanda cha chini awapungie mkono wenzake, picha ipendeze. Dobi alitia sahihi, akaenda zake kuanika mashuka.

Hospitali ilikuwa inachangisha pesa za lifti kwa safari hiyo ya mlimani. Ile ya zamani ilikuwa imekata roho miaka kumi na tisa nyuma, na tangu hapo Dobi alibeba mashuka mabichi kutoka chumba cha kufulia hadi kwenye kamba za juu ya paa, ghorofa nne, mara nane kwa siku. Alikuwa na mtindo wake: ngazi kumi na moja, anasimama, anavuta pumzi moja ndefu, anaendelea. Wauguzi walimtania kwamba anahesabu wachumba. Wagonjwa nao walipandishwa kwa machela, na mwaka juzi binti yake, akipelekwa wodi ya wazazi ghorofa ya tatu, alijifungulia kwenye ngazi. Mtoto hakulia. Mashuka yale aliyafua Dobi mwenyewe. Sasa binti alikuwa na mimba nyingine, ya miezi mitatu, na Dobi alikuwa amechoka kuogopa. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfaa zaidi.

Mwenye kiwanda kimoja cha saruji, mtu wa masharti, alikuwa ameahidi kununua lifti nzima endapo mfanyakazi hata mmoja wa hospitali angetia sahihi kwenye daftari la kileleni kabla ya saa sita mchana siku ya kupanda. Michango mingine yote isingetosha hata mlango wake.

Kulipopambazuka siku hiyo, Katibu na wenzake wanne walitoka kibandani mbio, kila mmoja akitaka kuwa mbele ya mpiga picha. Dobi aliwapungia mkono kama alivyoagizwa. Walipopotea kwenye kona alichukua fimbo yake, akamfuata mwongozaji wa nyuma, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Hatua kumi na moja, pumzi. Mwongozaji alimtazama kidogo, kisha naye akaanza kwenda hivyo hivyo.

Saa nne wakakutana na msafara ukishuka. Mlima haupendi wenye haraka. Wote watano vichwa vilikuwa vinawapasuka, na Katibu, aliyeshikwa makwapa yote mawili, alikuwa ametapika hadi chai ya jana.

"Tumeshindwa, Mama. Geuka turudi."

"Umeshindwa wewe, Katibu. Mimi bado napanda."

Katibu akasema hiyo ni amri, na kwamba atamwandikia barua ya onyo. Dobi akamwomba aiandike kwa mwandiko mzuri, ataichukua akishuka.

Huko juu hewa ilikuwa haba. Kumi na moja zikawa saba, saba zikawa tatu. Kwenye jabali la mwisho aliutukana mlima kwa sauti, matusi yale yale anayoyatupia madoa sugu, mpaka mwongozaji akacheka kwa mara ya kwanza. Alipanda lile jabali kwa mikono na magoti, akilia, wala hakujificha.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa sita. Sanduku la bati la pale kileleni lilikuwa na kutu. Ndani mlikuwa na daftari na kalamu. Penye jina aliandika jina lake lote. Penye kazi aliandika: dobi. Akakandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Redio ya mwongozaji ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Katibu kutoka kibandani, nyonge, ikiuliza kama yule mama ameshageuka. Mwongozaji akamgeukia Dobi, akamuuliza amjibu nini.

"Mwambie lifti ikifika, wa kwanza kupanda ni binti yangu," Dobi akasema. "Yeye Katibu abaki chini, atupungie mkono."