Neno la Mfaume Ndani ya Koili

Usiku wa jana niliota, wala sikuwa nimekula kizito cha kusingizia, kwamba nimetandika mkeka ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu Zamoyoni. Yeye kazi yake ni kuchora mabomba ya kiwanda cha barafu, mimi nashona vikapu vya ukili, ule msuko wa majani ya mkindu unaozungushwa. Mle ndani ni kweupe tu, hakuna ukuta wala jiko.

Mbele yangu umesimama mstari mrefu, na juu yake amekaa marehemu mume wangu, Mfaume, anachezesha miguu.

Huyu alikufa masika akiniambia, "Somoe, nikishakwenda, usithubutu..." Akakata roho. Nisithubutu nini, hakusema. Tangu hapo sijahamisha kitanda, sijauza mbuzi wake, wala sijamjibu muuza maji anayenikonyeza. Nani ajuaye, huenda ndilo lenyewe.

Akaja Mshale, yule mdogo anayetembea kwenye kioo cha kompyuta, amevaa koti. Akanieleza kwamba maneno ya wafu hupita kwenye bomba la koili, lile lililojizungusha kama nyoka, na koili sharti aichore mjane mwenyewe. Nitalikokota duara kuuzunguka ule mstari, na kila linapopita litaacha bomba nyuma yake.

"Mimi nimeishia darasa la nne," nikamwambia.

"Duara limeishia la pili," akasema, "na kazi linafanya."

Duara likaja, nene, linahema. Nikalikokota kama nishonavyo ukili, mzunguko umeushika mwenzake, kikapu kisije kikamwaga mtama. Koili ikajibana, ikafupika na mstari wake, na Mfaume akateremka nayo mpaka nikaona vinyweleo vya masikio yake.

Koili ikawa nyekundu.

"Haijengeki," Mshale akasema. "Mizunguko ikigusana, bomba linajila lenyewe. Achanisha."

Nikamwambia nimeshona maisha yangu yote mizunguko igusane, na sijaona kikapu kilichojila. Akasema kikapu hakibebi sauti ya mtu.

Nikaachanisha kidogo. Mfaume akapanda kidogo. Bado nyekundu. Mara tuko makaburini, mara tuko uani kwa mama mkwe, naye amefufuka makusudi aje aukosoe mkono wangu. Nikaliomba duara lijikondeshe, tusimsukume mzee. Likasema likikonda kitapita kikohozi tu.

Basi naachanisha. Kila nafasi ninayoitia kati ya mzunguko na mzunguko, yeye anapanda. Macho yake yananipotea, kisha kanzu, kisha zile nyayo pana nilizokuwa nikizicheka kitandani. Namwita mume wangu, "Baba Zena, ng'ang'ania hapo hapo." Naona kitu kinacheza kule juu, labda mdomo, sauti hamna.

Alipobaki kama punje ya mtama, koili ikawa kijani.

"Sasa inajengeka," Mshale akasema. "Hongera, bibi."

Nikatega sikio kwenye mdomo wa bomba. Neno nalisikia linaanza kule juu. Linazunguka. Likipita upande wangu linanguruma, likienda upande wa pili kimya. Nikauliza litafika lini. Mshale akanieleza, kwa upole kama daktari, kwamba njia nimeirefusha mwenyewe kwa kuachanisha, na neno la maiti halikimbii.

Nikamwambia basi nirudishe mizunguko ishikane, lisifike, lakini nimwone.

"Ikishajengwa haibanwi," akasema, akavua koti lake akaliweka begani kwangu.

Nikaamka kumekucha. Sikio la kushoto lina joto na limelowa, linanuka tambuu. Mimi tambuu niliiacha meno yaliponiaga. Mfaume ndiye aliyeitafuna mpaka siku ile ya mwisho. Nikachokonoa sikio kwa kidole. Pumzi imefika, neno halimo.

Zamoyoni alipokuja kuniita chai, nikamwomba anisikilizie yeye mwenye masikio mapya. Akapiga magoti, akabandika sikio lake kwenye langu.

"Bibi," akasema, "kuna mtu humu anavuta pumzi, kama anataka kuanza kusema."

Tukakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.