Mke Mwenza wa Mfukoni

Nimeolewa na mwanamume mmoja, na mke mwenza ninaye mmoja. Hana miguu wala mdomo, na kila siku ya Mungu anatembea ndani ya mfuko wa suruali ya mume wangu, upande wa kulia. Ni kisu cha kukunja. Kina ubapa mmoja tu, mpini wa mti ulioiva kwa jasho la kiganja, na msumari wa shaba unaovishika viwili hivyo pamoja. Hakina kingine. Alikuja nacho kwenye ndoa, nami nikadhani kitapotea kama vitu vya wanaume vinavyopotea. Miwani ilipotea, miavuli ikapotea, funguo tumezibadilisha mpaka fundi wa kufuli akawa kama ndugu. Kisu hakikupotea.

Sikukipenda, na sikuficha. Mume wangu ni fundi wa makochi: anaunda fremu, anapanga springi na sponji, anafunika. Mimi nashona vitambaa vyake kwa cherehani, dirishani, ambako naiona barabara nzima na barabara inaniona. Kuziba matundu ya mifuko ya suruali zake ni kazi yangu pia, maana kisu kile kinatoboa nguo. "Kikulacho ki nguoni mwako," nilikuwa nikimwambia huku nikimrushia suruali, naye anacheka kana kwamba nimemsifia mwanawe.

Kwa kisu hicho anakata uzi, anachonga penseli, anafungua makopo ya gundi, anamenya chungwa na ganda likashuka lote bila kukatika. Tukiwa ugenini, mwenyeji akiinuka tu kutafuta kisu cha kukatia keki, mume wangu ameshanyoosha mguu na kutia mkono mfukoni, nami nimeshafumba macho kwa aibu. Jioni anakinoa kwenye kitako cha kikombe changu cha chai, pale kwenye duara lisilopakwa rangi. Vikombe vyangu vyote vina mikwaruzo chini. Siku moja nilimuuliza kisu hicho kina nini hasa. Akafikiri, kwa kuwa si mtu wa kujibu ovyo.

"Hakiniulizi maswali," akasema. "Nikikifungua, kinakata. Nikikifunga, kinalala."

Nikamwambia basi angekioa hicho, mimi aniache na amani yangu.

Mwezi uliopita kijana wetu alikuja dukani na zawadi ya baba yake. Kijana huyu anauza vifaa vya ujenzi na anapenda chochote chenye sehemu nyingi. Alileta kisu cha chuma kinachong'aa, kizito kama kufuli, na ndani yake mna visu viwili, mkasi, msumeno, kizibuo, bisibisi, tupa ya kucha, na kitu kimoja kama ndoano ambacho hata yeye hakujua ni cha nini.

"Baba, sasa pumzisha hilo la kale," akasema. "Hiki kina kila kitu."

Moyoni nilipiga vigelegele. Hatimaye mke mwenza anapewa talaka.

Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa amepiga magoti akimalizia kochi la watu watatu. Halikuwa la mteja wa kawaida. Lilikuwa la mkwe wetu, mama wa mume wa binti yetu, mkunga mstaafu ambaye amezalisha nusu ya mtaa wake na bado anawatazama watu wazima kana kwamba anaukumbuka uzito wa kila mmoja. Kitambaa kilikuwa kizito, cha kijani, na mishono yangu ilikuwa imenyooka kiasi kwamba nilikuwa nikiinuka kwenye cherehani kwenda kuitazama. Gari la kulichukua lilikuwa limeshafika nje, dereva anapiga honi.

"Kata na mkasi wake," kijana akamsihi baba yake. "Hebu jaribu tu."

Baba mtu alimwonea mwanawe huruma, akaupokea ule mkasi mdogo, akakata uzi wa mwisho. Kochi likabebwa, likaenda zake.

Jioni akakaa na chungwa lake. Akapapasa mfuko wa kulia. Akapapasa wa kushoto. Kisha akautazama ukuta.

"Kisu kitakuwa kimeanguka barabarani," akasema.

Basi, likawa limekwisha. Hakwenda hata mlangoni kuangalia.

Siku zilizofuata nilijionea ushindi wangu. Mume wangu akitaka kukata uzi, anakitoa kile kidude cha kijana, kwanza inatoka bisibisi, halafu tupa, halafu msumeno, na kabla mkasi haujaonekana mimi nimeshaukata uzi kwa meno. Alivunja kucha mbili. Chungwa alilimenya vipande vipande, likanuka chuma, akaliacha nusu. Kibaya zaidi ni mluzi. Mume wangu hupiga mluzi akifanya kazi, wimbo uleule usio na mwanzo wala mwisho, nami nimeulalamikia tangu tuoane. Sasa ulikuwa umekoma. Duka lilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia cherehani yangu inavyodai mafuta. Nilikuwa nimeshinda, na nyumba ilikuwa kama ina msiba. Nilimtaka mume wangu arudi, na kama njia ya kumrudisha ni kile kisu, basi kisu kirudi.

Nikalipindua duka. Nilifagia chini ya meza, nikamwaga ndoo ya vipande vya sponji, nikaingiza mkono kwenye springi za makochi ya watu. Yeye alikaa tu ananitazama. Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Aliyepoteza kitu hutafuta hata pale alipokwisha kutafuta. Asiyetafuta anajua kilipo.

"Baba Watoto," nikamwambia, "ukishona mshono wa mwisho, kisu huwa unakiweka wapi?"

Hakuhitaji kujibu, nimemwona akishona miaka yote ya ndoa yetu. Mshono wa mwisho wa kochi ni wa mkono, chini ya kiti. Mume wangu hukifunga kisu na kukilaza juu ya sponji, ndani ya ule upenyo anaouziba, kisha anashona kukielekea. Ikibaki michomo miwili mitatu ya sindano anakichomoa, anamalizia, anakata. Kisu ndicho kinachomwambia kwamba amefika. Lakini siku ile kijana alikuwa amemsimamia kichwani na mkasi mkononi, na gari linapiga honi.

"Kimo ndani ya kochi la mkwe," nikasema.

"Kimo," akasema.

"Na hukuniambia."

"Nikuambie ili iweje? Nimwendee mkwe nimwambie nimemshonea kisu kwenye kochi? Binti yetu atauweka wapi uso wake? Na kijana akijua kwamba ni zawadi yake iliyoniponza, atajisikiaje? Kiache. Kiko pahali pazuri."

Aliposema "pahali pazuri" mkono ukamwendea mfuko wa kulia, mtupu. Mshika mawili moja humponyoka, nilitaka kumwambia, na msemo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama, nikaumeza. Nilimpenda sana dakika ile, na nilikasirika kwamba nampenda kwa sababu ya kisu.

"Vaa shati safi," nikamwambia. "Tunakwenda kukagua springi."

"Springi hazikaguliwi."

"Za wakwe zinakaguliwa."

Mkwe alitukaribisha kwa mikono miwili. Sebule yake ilikuwa imesuguliwa mpaka inaogopesha, na kochi la kijani limekaa katikati kama bwana harusi. Alileta chai, akaweka keki nzima mezani, akaketi kwenye kiti cha peke yake, mkabala nasi.

"Tumekuja kuangalia kama kochi limekaa vizuri," nikasema.

"Asanteni, wakwe. Liangalieni."

Mume wangu aliketi upande wa kushoto. Akasogea kidogo. Akanywa chai, akasogea tena. Alikuwa anakitafuta kisu kwa makalio, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Mimi niliteremsha mkono chini ya kiti nikapapasa mshono, huku nikiulizia afya ya wajukuu, ambao niliwaona juzi tu. Mkwe alitutazama tukihamahama kwenye kochi lake kama kuku wanaotafuta pa kutagia. Hatimaye akaweka kikombe chini.

"Mkwe," akamwambia mume wangu, "kiko upande wa kulia."

Mume wangu akaganda, chai bado iko mdomoni.

Mkwe akainuka, akapiga magoti taratibu, akalaza viganja viwili juu ya kiti, akabonyeza huku na huku kwa ncha za vidole, kichwa amekiinamisha. Alikuwa analipima kochi kama anavyopima tumbo.

"Hiki hapa. Urefu wa kidole. Kimelala vizuri, kichwa chini." Akatutazama. "Nilikijua siku ile ile nilipolikalia. Nikasema nisiwaite. Jambo kama hili halisukumwi, huja kwa wakati wake."

Nilitamani sakafu inimeze. Mume wangu aliinuka, akasimama kama mwanafunzi.

"Mkwe, nisamehe. Nimekuaibisha na nimejiaibisha. Ni kisu changu."

"Usiniombe radhi kwa kitu kidogo. Mimi nimeshona watu, mkwe, si sponji, na nitakuambia tulichofundishwa. Kabla ya kushona, tulihesabu mikasi." Akaanza kucheka, na kicheko chake kikatukamata sote, mume wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya, tukizalishe. Nani ana kitu cha kukatia?"

Mume wangu akatoa kidude cha kijana. Ikatoka bisibisi. Ikatoka tupa. Kikatoka kizibuo, kikakataa kurudi. Mkwe alingoja kwa adabu, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa gauni lake akatoa kisu cha kukunja, kidogo, chenye mpini wa mfupa na ubapa mmoja tu. Akampa kikiwa kimefungwa.

"Cha marehemu mama," akasema. "Nikitoka bila hicho najiona sijavaa."

Mume wangu alikigeuza kiganjani, akagusa ubapa kwa kidole gumba, akamtazama mkwe. Mkwe naye akamtazama. Sikuelewa walichoambiana, lakini niliwaonea wivu.

Alikata nyuzi tatu tu, akaingiza vidole, akakitoa. Kilikuwa kimetapakaa vumbi la sponji, basi. Akakirudisha cha mkwe kimefungwa, kama alivyokipokea. Halafu akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, akaushona upenyo upya, polepole, na kabla hajafika mwisho nikausikia. Mluzi. Niligeuka nikatazama dirishani, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijia na sikutaka mkwe ayaone.

"Mama Watoto," akaita. "Njoo ukate."

Akanipa kisu chake. Miaka yote hiyo nilikitoa mifukoni kabla ya kufua, nikakilaani, sikuwahi kukishika kikiwa wazi. Nilikifungua. Nikakigusisha kwenye uzi, na uzi ukaachia kabla sijaamua kukata. Hakikuniuliza chochote. Nilielewa, na nilikasirika kwa kuelewa nikiwa nimechelewa hivyo.

Keki tuliikata kwa kisu hicho hicho, baada ya kukiosha. Safari hii sikufumba macho.

Kidude cha kijana kinaning'inia dukani kwenye msumari wake, na kila mteja akiwa na soda tunakitumia kuifungulia, kwa hiyo kijana ana furaha na hajui lolote. Mimi, siku ya pili yake, nilikaa kwenye cherehani nikatia mfuko kwenye gauni langu la kazi, upande wa kulia, nikaupiga mishono miwili.

"Wa nini huo?" mume wangu akauliza.

"Leta mke mwenza."

"Kufanya nini?"

"Leo ni zamu yangu."

Alicheka, akakifunga, akakiweka kwenye kiganja changu. Kutwa nzima kiligonga paja langu nikitembea, kidogo tu, kama mtu anayekumbusha kwamba yupo. Jioni akaleta chungwa lake, akapapasa mfuko mtupu, akanitazama. Nikalichukua nikalimenya mimi. Ganda lilikatika mara moja, na yeye akajifanya hakuona.