Kwaya ya Spika

Mume wangu alikuwa na sauti isiyohitaji umeme, ndiyo maana watu walimwita Spika. Siku sita za juma alikuwa fundi rangi, ya saba mwalimu wa kwaya, na nikisema sikuringa nitakuwa mwongo. Kila akifungua kinywa kanisani, mimi nilikuwa nikiangalia nani amegeuka kumtazama.

Kisha uvimbe ukaota kooni. Madaktari waliokoa uhai wake, lakini koromeo likaondoka. Akarudi nyumbani akipumua kwa tundu la shingoni, ambalo nililifunika kwa kitambaa chepesi kila asubuhi. Sauti hakuwa nayo, hata ya kunong'ona. Kazi ya rangi akakatazwa kwa sababu ya harufu na vumbi. Kilichobaki cha kumtoa kitandani kilikuwa kwaya peke yake.

Watu walikuja na pole zao. "Ni mpango wa Mungu, dada." Niliwapa chai huku nimenuna. Mpango gani huo, wa kumnyang'anya mwimbaji koo wakati walevi wanapita dirishani wakipiga kelele vizuri tu? Niliomba kila siku, tena kwa jeuri: nirudishie ile sauti. Siku moja nikamgeukia mume wangu.

"Baba watoto, hivi Mungu alitaka nini hapa?"

Akaandika kwenye daftari lake: "Sijui. Kesho kuna mazoezi."

Mazoezini ndipo aibu ilipojitokeza. Miaka kumi na tisa alikuwa akiliimbia kila kundi sehemu yake, nao wakiishika kwa masikio. Hakuna aliyejua kusoma noti hata moja. Wangehangaika za nini na Spika yupo? Siku hiyo alirudi nyumbani amechoka, akaandika: "Nimewafanya kasuku." Kesho yake alitafuta kipande cha plaiwudi, akakipaka rangi nyeusi mara mbili huku mimi nikimfokea kuhusu harufu, akaanza kuwafundisha do, re, mi, fa, so, la, ti kama watoto wa darasa la kwanza.

Ilichukua miezi minane. Aliandika noti ubaoni, akagonga meza kwa kidole kuonyesha mwendo, wao wakaimba alichoandika. Wakikosea alifuta, akaandika upya. Dereva wa lori, anayeimba besi, aliacha kwaya mara tatu, na kila mara alirudi akisingizia amesahau kofia. Fundi nywele, wa sauti ya kwanza, alifanya mazoezi kazini mpaka wateja wakalalamika kwamba anawapigia mapigo vichwani kwa kitana. Mimi nilibaki na manung'uniko yangu. Niliona mtu anayejifariji tu.

Jumamosi moja mchana, nikiwa nimempelekea chai mazoezini, wazee wa kanisa waliingia wakati wimbo ndio kwanza umeisha. Mwenyekiti wao, mtunza bohari mstaafu, alikuwa na barua mkononi.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "umetumika vya kutosha. Tumeonelea tukupumzishe. Kwaya isiyo na sauti ya kuiongoza itatufia mikononi. Unakubali?"

Mume wangu alinitazama. Akachukua chaki. Akageukia ubao na kuandika jibu lake kwa herufi kubwa: LA.

Kwaya nzima ikaliimba.

Hawakuwa wakifanya utani. Kwa miezi minane walikuwa wameimba kila alichoandika pale, na wimbo ulikuwa bado umo masikioni mwao. Wanawake juu, wanaume chini, noti ya sita mahali pake hasa, safi, ndefu, bila kuyumba. Mume wangu alishtuka hadi chaki ikamdondoka. Kisha akacheka kwa namna yake ya sasa, mabega yakitetemeka na kitambaa cha shingoni kikipepea.

Mwenyekiti alibaki kinywa wazi. "Nani amewapa sauti?"

"Mwalimu," fundi nywele alijibu, akishangaa hata kuulizwa.

Mzee alimtazama fundi nywele, akamtazama mume wangu, akautazama ubao. Hakusema tena habari ya kupumzika. Aliikunja barua, akavuta kiti, akaomba wamwimbie tangu mwanzo.

Nami katika maombi yangu nilikuwa nimejibiwa "la" kwa miezi yote ile, nikadhani sijasikilizwa. Mpango wote siujui mpaka leo. Nilichojua pale ni kwamba watu ishirini na wawili walisimama wakasoma ubao wa mume wangu, na wangeweza kusoma hata siku ambayo mimi na yeye hatutakuwapo. Nikakaa kwenye benchi la nyuma nikalia mbele ya wazee bila haya, nikiringa kuliko nilivyowahi kuringa enzi za koo lake.