Gari la Betri la Loresho

Jumamosi moja ya Februari 1974, saa nne asubuhi, Nthiwa aliegesha Pijo ya tajiri wake karibu na Biashara Street, akaingia duka la vitu vya watoto kuchagua gari la betri.

Gari lilikuwa la Nashon, kitinda mimba wa tajiri huyo, Bwana Were wa Loresho, aliyekuwa anatimiza miaka minne. Mama yake, Phoebe, hakutaka mtoto ajue, kwa hivyo alimpima kwa uzi wa katani akiwa amelala, kutoka kiunoni hadi kisigino, akamkabidhi dereva uzi huo. Alisema lisije la kukanyaga kama baiskeli. La kukanyaga jirani alikuwa nalo.

Sasa, Nthiwa alikuwa na nyuzi mbili mfukoni. Wa pili ulitoka kwao Mwala, Ukambani, safari ya saa kadhaa kwa basi, ndani ya barua ya mkewe Ndunge: kipimo cha binti yao Kanyiva, bega hadi goti, cha kununulia sare ya shule. Kwao ndivyo ilivyo. Mtoto haletwi Nairobi kupimwa nguo. Uzi ndio unaokuja. Na mtu aliyeamka saa kumi na moja kila alfajiri kwa miaka sita akichanganya nyuzi mbili za katani, jamani, mimi simlaumu.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi wa Parklands aliyevaa sweta hata kwa joto lile, alimtolea magari matatu. Jekundu lilikuwa na honi ya kelele na usukani uliolegea. La kijani betri yake ilikuwa ndogo, lingekata pumzi kwenye nyasi. Nthiwa aliyachunguza kwa makini ya dereva, akatulia kwenye la buluu, kwa sababu ukiinua mguu linashika breki lenyewe, na kiwanja cha Loresho kina mteremko. Mzee akanyoosha uzi kutoka kitini hadi kwenye kikanyagio. Ukagusa sawasawa.

"Hii imekaa kabisa," alisema. "Mtoto yako atafurahi."

Nthiwa alikuwa amechoka, hakumsahihisha. Alikuja kutambua kosa kwenye duka la sare, alipotoa uzi uliobaki akakuta ni mfupi, ni wa Nashon. Gari lilikuwa limeshafungwa juu ya Pijo, uzi wa Kanyiva ndani yake, kwa hivyo sare akainunua kwa kukisia, akaituma Mwala.

Nashon alikaa ndani, akakanyaga, gari halikwenda. Betri ikachajiwa usiku kucha, halikwenda. Jumatatu saa kumi jioni mwenye kipimo, Kanyiva, alikuwa ameketi ndani yake, miguu mitupu, vumbi jekundu la Mwala hadi magotini. Alikanyaga, gari likazunguka bustani ya maua bila shida.

Phoebe alichungulia dirishani akamuuliza Selpher, mpishi, yule ni mtoto wa nani. Selpher alisema ni wa Nthiwa, yule wa Mwala. Phoebe akasema basi apewe chai, ila asiyapitie mawaridi. Nashon alipanda nyuma, akamshika bega, akatosheka. Alichotaka ni gari liende.

Nthiwa aliacha mpira wa maji ukimwagika akasimama kutazama. Hakuwa amemwona binti yake kwa miaka miwili na miezi miwili. Likizo yake ilikuwa ya Desemba, na Desemba mbili zilizopita akina Were walikwenda Mombasa, wakahitaji dereva. Kumleta hakuweza: mlangoni mwa chumba chake cha uani palipigiliwa karatasi ya mzungu aliyeuza nyumba, iliyosema: mtumishi mmoja, bila mke, bila watoto. Bwana Were alipaka nyumba nzima rangi mpya, lakini karatasi hiyo aliiacha. Nthiwa alitaka kulia, akafunga maji kwanza.

"Wewe ndiye dereva wa hapa?" mtoto alimuuliza kwa Kikamba, kwa adabu.

Alimwambia yeye ni baba yake. Kanyiva alimtazama vile watoto waliolelewa vizuri humtazama mtu mzima aliyekosea.

"Baba yangu yuko Nairobi," alisema. "Atakuja Krismasi."

Nthiwa alimwambia hapa ndipo Nairobi. Basi kama ni hapa, akasema Kanyiva, amwambie baba yake akimwona kwamba sare ilikuwa ndogo. Nthiwa alisema atamwambia.

Akawa anakuja kila siku saa kumi. Saa kumi na mbili, wageni wa watumishi walipotakiwa kuwa wametoka, alishuka, akashukuru, akatoka getini, na kwenye kona ya mashamba ya kahawa akawa amefika kwao Mwala. Nthiwa alichaji betri, alimfuta vumbi magotini, alimfundisha kurudi nyuma. Alimzoea sana. Mtoto naye alimwita Dereva.

Novemba Nthiwa alikwenda verandani kuomba likizo yake. Bwana Were, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikunja gazeti akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nthiwa, mtoto unamwona kila siku. Mimi wangu nawaona Jumapili tu. Likizo ya nini tena?"

Alijaribu kueleza, lakini hata yeye aliposikia maneno yake yalikuwa kama ya mtu asiyeshiba. Wangekwenda Mombasa tarehe ishirini na tano Desemba, baada ya kanisa, yeye akiendesha. Alisema, sawa Mzee.

Tarehe ishirini na nne Desemba Kanyiva alikuja amepakwa mafuta hadi anang'aa, nywele zimesukwa. Aliendesha mzunguko mmoja tu, akashuka.

"Leo sikai, Dereva," alisema. "Basi la Nairobi linafika kwetu saa kumi na moja. Tunakwenda kumpokea baba."

Nthiwa alikwenda akamfungulia geti.