Siku Karatasi Ilipomvua Kanali Suruali

Ungemwona Koplo Zdislava asubuhi ya ukaguzi ungedhani anaolewa: buti zinang'aa, nywele kazibana. Akifaulu, anahamia kikosi cha kugundua sumu, ndoto yake tangu chuo. Akifeli, anarudi jikoni kumenya viazi, na viazi vya kambi ile, jamani, havijui kuisha.

Mtihani wenyewe si mgumu. Kila mtu anabandikwa karatasi kwenye mkono wa koti. Tone la sumu ya vita likiigusa, inatoka madoa mekundu. Ukiyaona, huulizi maswali. Mwenye koti anavuliwa kila kitu, anasuguliwa kwa brashi na maji ya dawa.

"Pua si kipimo, macho si kipimo," Kanali Vrtílek, mkuu wa kambi, alikuwa akiwaimbia kila siku. "Karatasi ndiyo kipimo. Karatasi haijui cheo."

Juzi tu dereva wake alisuguliwa kwenye theluji, kisa mafuta ya breki yaliyoitia karatasi yake madoa mekundu.

Basi wakaguzi wakaja kutoka Praha, wakiongozwa na Meja Šebková, mama asiyecheka hata umlipe. Wakabandikwa karatasi getini, Kanali naye akiwa na yake. Halafu Kanali akafanya kile Mmoravia yeyote wa huko Ucheki anachofanya mgeni akiingia: akatoa chupa. Slivovitsa, pombe ya plamu, baba mkwe kaipika mwenyewe, ukiitema jikoni nyumba inaungua. Kutomkaribisha mgeni nayo ni tusi, na kugonganisha vikombe kinyonge ni tusi kubwa zaidi. Wakagonganisha kwa nguvu zote. Pombe ikaruka.

Zdislava ndiye aliyeona kwanza. Mkono wa Kanali, madoa mekundu kama surua. Wa Meja, vilevile.

Moyo ukamwambia nyamaza. Viazi vikamwambia sema.

"Sumu," akasema. "Kanali na Meja wameguswa."

Kanali akawatabasamia wageni. "Koplo, hiyo ni slivovitsa."

"Inanukia hivyo, afande. Lakini pua si kipimo."

"Binti, nimeimimina mwenyewe, umeniona."

"Macho nayo si kipimo, afande. Naomba uvue suruali."

Nyuma yao yule dereva alishakimbilia brashi, na hakuna aliyemtuma.

"Nikiivua hii," Kanali akamnong'oneza, "kesho uko na viazi mpaka ustaafu."

Zdislava akamnyooshea mkono kuelekea hema la kusugulia. Meja Šebková alishaanza kufungua vifungo vya koti akielekea hema la wanawake.

"Kanali, umemfundisha vizuri," akasema bila kugeuka. "Fungua mkanda, tusigande na baridi hapa."

Kanali akasuguliwa. Dereva hakuacha hata kisigino.

Baadaye Meja akatoka kajifunga blanketi, nywele zinachuruzika.

"Ulijua ni pombe?"

"Nilijua, afande."

"Hata mimi. Umefaulu." Akatazama huku na huku. "Iliyobaki iko wapi?"

Kesho yake amri mpya ya Kanali ikabandikwa getini: wageni wanywe kwanza, karatasi baadaye. Zdislava aliisoma akiwa na begi begani, safari ya kikosi kipya. Dereva ndiye aliyempeleka stesheni, akipiga mluzi njia nzima.