Masikio ya Waridi

Faradji alikuwa fundi wa magari hapa Kasongo, mashariki ya Kongo, tangu kabla ya vita, na watu walisema anatengeneza kwa masikio kuliko kwa mikono. Lori likipita barabarani aliinua kichwa tu na kusema, "Ile iko na vali imeungua." Dereva akirudi siku za mbele huku lori linavutwa kwa kamba, hakuna aliyeshangaa.

Gari aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya mteja. Ilikuwa MG ya zamani, gari ya Kiingereza ya mashindano, fupi, ya viti viwili, isiyo na paa. Mgiriki mmoja mwenye duka aliiacha alipokimbia mji miaka ya sitini, na mlinzi wa depo yake ya bidhaa akabaki nayo. Mlinzi yule alikuwa baba ya Zéphirin, rafiki wa Faradji. Vita vilipokwisha, gari ilikuwa mifupa mitupu. Matairi, viti na taa vilikwenda na askari, na nyasi zilikuwa zimeota katikati ya shasi.

"Kama unaiweza, ichukue," Zéphirin alimwambia. "Mimi inaniumiza macho."

Wakaisukuma mpaka kwa Faradji na kuiweka kwenye baraza, nayo ikakaa hapo miaka na miaka. Pistoni zilitoka Bujumbura, zikapitia Uvira na Kalemie ndani ya begi la mfanyabiashara. Bati la milango alilinyoosha mwenyewe kwa nyundo juu ya gogo. Rangi aliitafuta mpaka akapata buluu inayofanana na ile aliyoikuta imejificha chini ya dashibodi. Mke wake Waridi, mama ya binti yao Safia na muuza vitenge sokoni, alipokea wageni wake uani, kwa sababu baraza lilikuwa na mwenyewe.

"Mama Safia, muke mwenzako hajambo?" majirani walimtania.

Alicheka, lakini si kila siku.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, gari ikiwa imebakiza kazi moja, Faradji akashikwa na malaria iliyompanda kichwani. Alikuwa hajui aliko, anaita majina ya watu waliokwisha kufa. Hospitalini wakamtundikia dripu ya kinini, na homa ikashuka. Alipofungua macho alimwona Waridi amemwinamia, midomo inakwenda, na hakuna kitu kinachotoka.

"Sema kwa nguvu," alimwambia.

Waridi alirudia.

"Mama Safia, sema basi! Juu ya nini unanong'ona?"

Waridi alikuwa anapiga kelele. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukuta ili asiwatazame.

Daktari alieleza kwamba labda ni ugonjwa wenyewe, labda ni dawa iliyomponya, na kwamba masikio huweza kurudi. Walisubiri. Binti yao Safia alikuja kutoka Kabambare alikoolewa, akakaa na baba yake, akamshika mkono, kisha akarudi kwa watoto wake. Mvua zikaisha. Masikio hayakurudi.

Wateja walikwenda kwa mafundi wengine, kwa adabu, bila kuaga. Faradji alikaa kwenye kigoda mbele ya gari ya buluu na hakuigusa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kulinganisha kabureta. Moteri, yaani injini, ya gari ile ina kabureta mbili, ni kama mtu anayepumua kwa matundu yote mawili ya pua. Zisipovuta hewa sawasawa, inakohoa na kutetemeka. Fundi huweka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni, na ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza uvumi wa hewa, huku na huku, akigeuza skrubu kidogo kidogo mpaka sauti ziwe moja.

"Tuite fundi mwingine amalizie," Zéphirin alisema, akionyesha kwa mikono.

"Hapana. Mutu mwingine hataigusa."

Asubuhi moja Waridi hakwenda sokoni. Alitoka nje, akaokota mpira kwenye sanduku la vyombo, akauweka sikioni mwake, akasimama mbele ya mume wake. Faradji aliutazama ule mpira, akaokota bisibisi. Kisha akaenda kuwasha moteri.

Siku ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Waridi alisikia kelele tu, moto wa moteri ukimpiga usoni, na hakujua lipi alisikilize. Faradji aligeuza skrubu, akamtazama, akageuza tena.

"Sikiliza hewa! Hewa, si moteri! Wewe uko na masikio ya bure!"

Alisema kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya tatu. Waridi akatupa mpira chini, akaenda jikoni kutwanga sombe, majani ya mihogo.

Faradji alimfuata baada ya muda, akasimama mlangoni.

"Nimesema kwa nguvu, ao?" aliuliza. "Mimi mwenyewe sijisikie. Unisamehe."

Waridi alikuwa amempa mgongo. Akauambia mchi: "Hata wakati masikio yako yalikuwa mazima, mimi hukunisikia. Moteri ndiyo ulisikia."

Alipogeuka, Faradji alikuwa bado anangoja jibu, uso wake wazi kama wa mtoto. Hakuwa amepata hata neno. Waridi akaona haya, ingawa alichosema kilikuwa kweli. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akamshika kiwiko, wakarudi kwenye gari.

Wakabuni njia yao. Waridi alifumba macho, akasikiliza kabureta ya kulia, akainua mkono wa kulia, juu zaidi kadiri sauti ilivyo kubwa. Akasikiliza ya kushoto, akainua wa kushoto. Faradji aligeuza skrubu huku akiitazama ile mikono. Ilichukua wiki nzima. Mwisho mikono yake miwili ikasimama mbele ya kifua, sawasawa, na moteri ikatulia. Zéphirin alipiga makofi. Wapita njia walisimama.

"Inalia namna gani?" Faradji aliuliza.

Waridi alimgeukia aione midomo yake. "Kama cherehani mupya," alitamka polepole. Faradji hakuelewa. Alirudia, akaigiza mguu unaokanyaga cherehani, na watu wakacheka, na Faradji naye akacheka. Kisha akainamia kapo, kifuniko cha moteri, mabega yakaanza kutikisika kwa kilio, na watu wakaondoka mmoja mmoja.

Jumapili iliyofuata wakaitoa. Waridi alivaa kitenge kipya na kukaa upande wa kulia, usukani ukiwa kushoto. Waliteremka polepole, wakikwepa mashimo, watu wakiwapungia mikono. Walipofika barabara ya Wamaza, pikipiki iliyotoka Salamabila ikaja nyuma yao kwa mwendo mkali, imepakia mizigo, inapiga honi. Waridi alimgonga Faradji gotini. Faradji akadhani anamwonyesha shimo, akavuta usukani kushoto, kulekule pikipiki ilikokuwa inapita.

Dereva wa pikipiki akaangukia mtaroni na kuvunjika mguu. Alikuwa kijana. Alipiga kelele, na Faradji alisimama juu yake akiona mdomo unafunguka na kufumbika. Watu walipomchukua kwenda hospitali, Faradji akampa Waridi ufunguo, akaanza kutembea kwa mguu kurudi nyumbani. Zéphirin na vijana wakaisukuma gari.

Hakuiendesha tena. Mtu wa Kindu akaja kuinunua, na sehemu kubwa ya fedha walimpelekea yule kijana na mama yake. Siku ya kuipakia kwenye lori Faradji alikuwa shambani. Aliyelia ni Waridi, aliyejifungia chumbani mpaka muungurumo wa lori ukapotea.

Siku hizi Faradji analima mihogo na Zéphirin. Jioni moja, wakila, aliweka tonge chini.

"Mama Safia, moteri zote za Kasongo niko nazo bado kichwani. Lakini sauti yako imeanza kunipotea. Naitafuta, siipate."

Waridi akaivuta taa karibu. Akamsogelea, akakaa mbele yake taa ikimulika uso wake, akaanza kumsimulia habari za sokoni: nani amegombana na nani, samaki waliochelewa kutoka Nyangwe, mbuzi aliyekula kitenge cha Mado. Alisema yote, bila haraka. Faradji aliitazama midomo yake, akitikisa kichwa, akicheka mahali pasipo na kichekesho, na Waridi akaendelea kusema.