Dole Gumba Kooni mwa Meneja

Wiki ya tatu ya mafunzo kazini, binti alikabidhiwa boksi lililobandikwa lebo: "Risiti za zamani, zikatwe." Wino wa lebo ulikuwa mbichi. Chumba cha kumbukumbu cha shirika lile la misaada kilikuwa na sheria moja: fungua, soma, ndipo ukate. Lakini meneja alikuwa amesimama mlangoni.

"Fanya haraka, binti yangu. Halafu tia sahihi hapa, kwamba umezikata wewe."

Binti akachomoa pini, maana pini huharibu meno ya mashine ya kukatia karatasi, akakata mpaka adhuhuri. Akatia sahihi.

Hazikuwa risiti. Zilikuwa barua za wanawake waliolalamikia unga ulioharibika, ambao meneja aliupitisha ugawiwe hivyo hivyo. Asiyejua kuandika aliandikiwa, akaweka dole gumba kwa wino wa zambarau.

Saa nane alama za madole zikaanza kumtokea meneja, za zambarau, kwanza kwenye kola, halafu shingoni. Kila moja ilikuwa ikibonyeza. Mwanamke wa mapokezi akampa kitambaa cha maji. Mhasibu akamwomba asiegemee kiti kipya.

Jioni binti alimsimulia mama yake huku akichambua mboga. "Moja liko kooni kabisa. Lina kovu katikati."

Mama akanyoosha dole gumba lake. Kovu la kisu lilikuwa katikati.

"Hiyo ni barua niliyoandikiwa juu ya mdogo wako," akasema. Mdogo wake binti alikula unga ule siku mbili, ya tatu akazikwa.

"Mama, niliambiwa tu. Mimi ni wa mafunzo."

"Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu umeniletea hata hujaolewa. Ulisoma ulichotia sahihi?"

"Sikusoma."

"Haya. Maliza mboga."

Wakaguzi walikuja kuulizia barua. Wakaoneshwa karatasi moja, yenye sahihi ya binti. Wakampa meneja pole kwa yale madoa, na mwezi uliofuata akapandishwa cheo. Binti alirudishwa nyumbani bila cheti.

Mama huwaambia majirani wenye watoto maofisini: mwanao asome kwanza, hata bosi akimwita "binti yangu". Kisha huingia ndani na, kabla ya kuwasha jiko, hubonyeza dole gumba ukutani kwa uzito wake wote.

Huko ofisi ya juu, meneja hukohoa mpaka macho yamtoke. Hulegeza tai, hunywa maji, akavuta karatasi iliyo mbele yake, akapitisha unga.